Usipakie Mbaazi za Nazi: Mwongozo wa Safari ya Gari Kutoka Kwale Hadi Nairobi

Sufuria ya mbaazi za nazi ilitoka kwetu Msambweni saa kumi na mbili asubuhi ikiwa bado inafuka moshi, imefungwa kwa leso, shangazi ameipakata kama mtoto mchanga. Tulipoifungua saa tisa alasiri kando ya barabara pale Taru, povu lilikuwa limepanda juu na harufu yake imetutangulia. Tulikuwa tumemaliza robo tu ya njia ya kwenda Nairobi. Mahamri tulikula makavu siku ile, na shangazi hakutamka neno hadi Voi.

Kosa halikuwa la mbaazi. Zilipikwa kwa safari ya saa nane, na safari ikawa ya saa kumi na saba. Sisi watu wa kusini tuna hesabu yetu: kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 na kitu, gawa kwa 80 kwa saa, unapata saa sita, ongeza kipande cha kutoka Ukunda, basi chakula cha mchana tutakula Nairobi. Hesabu hiyo haina feri ndani yake. Haina trela lililolala Mazeras, wala mtoto anayetaka kwenda haja kila baada ya nusu saa. Kwa hivyo shika shauri hili moja, mengine yote ni matawi yake: ukipakia gari, pakia kwa ajili ya kukawia.

Siku mbili kabla

Gari liende kwa fundi siku mbili kabla, si jioni ya kuamkia safari, kwa sababu fundi akigundua hitilafu jioni hiyo utaambiwa "itafika tu", nawe utaamini kwa kuwa unataka kuamini. Tunaoishi karibu na bahari tuna adui ambaye mtu wa bara hamjui, naye ni hewa ya chumvi. Nati za magurudumu hushika kutu zikaganda, na hutajua hilo mpaka upate pancha gizani kati ya Maungu na Voi, spana inateleza na taa za malori zinakupofusha. Zifungue nyumbani moja moja mchana kweupe, sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha uzikaze tena. Tazama na vichwa vya betri kama vimeota unga. Spea ipimwe upepo kama magurudumu mengine. Spea nyingi husafiri nchi nzima zikiwa hazina pumzi. Pembetatu mbili za onyo ziwe ndani ya gari, maana ni sheria na pia ndizo zitakazomzuia mwenye lori asikugonge ukikwama kwenye kona.

Nyumbani nako kuna kazi, na mara nyingi ndiyo inayochelewesha watu kuliko barabara. Nimewahi kuona familia ikigeuza gari Tiwi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kama mtungi wa gesi ulifungwa. Mpe mtu mmoja kazi hiyo, na awe mmoja tu, kwani ikiwa ya wote kila mtu atadhani mwenzake amefunga. Tokeni za stima nunua za kutosha ikiwa umeacha samaki kwenye friza. Lakini kwa maoni yangu mpe jirani hao samaki: stima ikikatika siku mbili hutakuwepo, na jirani aliyekula changu wako ndiye atakayekumbuka kuku wako.

Ukiwa Diani, tumbili hawahitaji kuelezwa. Dirisha la jikoni likiachwa wazi kiasi cha mkono kupita, utarudi ukute unga umemwagwa hadi kitandani. Usiache ndizi mezani, wala usimtegemee mbwa.

Halafu fikiria kurudi, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Utarudi usiku, umechoka, na huenda mfereji ukawa mkavu. Jaza mapipa kabla hujaondoka na uyafunike vizuri. Weka mchele, chumvi na kiberiti mahali unapopafikia gizani. Tandika kitanda. Utajishukuru.

Kikapu cha juu

Kuna mizigo ya kufika na mizigo ya kukwama. Masanduku ya nguo, zawadi, gunia la nazi, hayo ni ya kufika, yakae chini kabisa. Vya kukwama vitie katika kikapu kimoja kinachokaa juu ya vyote au miguuni pa mtu: chakula, maji, leso mbili tatu, dawa, chaja ya simu, karatasi za msalani, tochi, na nguo moja ya kubadili kwa kila mtoto. Ongeza ndoo ndogo yenye kifuniko kwa yule anayetapika, maana kila familia ina wake. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na ndoo kwa kweli ni bora zaidi kwa sababu haitoboki. Ndimu ya kunusa na kipande cha tangawizi cha kutafuna humsaidia kabla mambo hayajafika kwenye ndoo.

Sasa chakula. Chochote kilichopikwa kwa tui kitachacha ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la Taru. Hapo hakuna mjadala. Mbaazi, wali wa nazi, samaki wa kupaka, muhogo wa nazi, vyote viliwe nyumbani usiku wa kuamkia safari. Vinavyosafiri vizuri ni mahamri, chapati zilizokauka kidogo, viazi na mayai yaliyochemshwa na kubaki na maganda yake, mihogo ya kukaanga, na korosho, ambazo Kwale hatuna sababu ya kuzinunua njiani. Samaki wa kukaanga mkavu, aliyekolea ndimu na chumvi, hufika mpaka adhuhuri bila tatizo. Baada ya hapo usimwamini. Machungwa beba. Embe acha, hata kama ni boribo lililoiva hasa, kwa maana mtoto na embe ndani ya gari ni viti vya kunata mpaka mwaka ujao. Chai ya tangawizi bila maziwa itie kwenye chupa ya chai, sukari ikae pembeni kwa ajili ya mwenye kisukari.

Maji ya kunywa nahesabu lita mbili kwa kila mtu. Mbali na hayo, tia kidumu cha lita 20 cha maji ya kawaida: ya kunawa, ya kuoshea mtoto, na ya rejeta ikibidi.

Saa ya kutoka na njia ya kupita

Zamani mtu wa Kwale hakuwa na hiari kubwa. Ukitaka kwenda bara ulipita Likoni, upende usipende, ukapanga foleni ya magari huku watembeaji, wanaovuka bure, wakimiminika kando yako kwa maelfu. Asubuhi wote wanaingia kisiwani kazini, jioni wote wanarudi, na mwezi wa Ramadhani saa moja kabla ya magharibi ni heri usijaribu kabisa. Barabara ya Dongo Kundu ilipofunguliwa yote mwaka 2024, mambo yaligeuka. Sasa ukitoka Msambweni au Ukunda unapita Tiwi na Kombani, na ukifika Kibundani unakunja kushoto, kilomita 17.5 baadaye, baada ya kuvuka daraja refu la Mteza na lile la Mwache, umetokezea Miritini kwenye barabara kuu ya Nairobi bila kuiona feri. Jaza mafuta Ukunda, usiyategemee huko. Na usidanganywe na lami tamu ukakimbiza: ng'ombe na mbuzi wa vijiji vya hapo walikuwepo kabla ya barabara, na wanaivuka kwa mwendo wao.

Ikiwa una shughuli mjini kwanza, labda mgonjwa wa kumwona Makadara au mzigo wa kuchukua Kongowea, basi feri bado ni yako. Vuka kabla ya saa kumi na moja alfajiri au subiri baada ya saa nne asubuhi. Ukishaingia chomboni, vuta breki ya mkono, acha gari ndani ya gia, zima injini, teremsha vioo, fungua mikanda. Wanaoweza kutembea washuke wavuke kwa miguu, dereva abaki peke yake. Nasema hivi kwa uzito. Septemba 29, 2019 gari lilirudi nyuma likateleza kutoka MV Harambee katikati ya mkondo, mama na binti yake mdogo wakiwa ndani, na ilichukua karibu wiki mbili kulitoa. Na wazee wetu hawajasahau Aprili 29, 1994, MV Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakafa. Foleni ya Likoni inaudhi, lakini isikuudhi kiasi cha kulazimisha kupanda chombo kilichojaa.

Njia ya tatu ni ya Kwale mjini kupitia Kinango hadi Samburu, inayokwepa Mazeras na Mariakani zote mbili. Nimeipita, naipenda, ina mandhari ya Uduruma ambayo barabara kuu haina. Lakini ulizia kwanza kwa mtu wa Kinango, na umuulize kama mvua imenyesha juzi.

Kuhusu saa ya kutoka, mimi nashikilia saa kumi usiku. Kipande kigumu cha safari hii yote ni cha mwanzo, Miritini hadi Mariakani, ambapo malori yanayotoka bandarini, matatu za Mazeras, ujenzi wa kupanua barabara na mizani ya Mariakani vyote hukutana. Ukiwa Mariakani kabla jua halijapanda, umeshinda nusu ya vita. Saa kumi maana yake dereva alale saa mbili usiku, si kukesha akifunga mizigo. Wapo wanaosafiri usiku kucha ili kukwepa foleni, siwaungi mkono. Lori lililoharibika bila taa usiku haliguni wala halikohoi, na kati ya Voi na Mtito Andei barabara inakatiza Tsavo, ambako ndovu na nyati hawana taa za nyuma.

Na msimu pia una lake. Desemba watu wa Nairobi wanateremka Diani. Wewe ukipanda tarehe 22 unakwenda kinyume cha mkondo, unaona foleni ya wenzako upande wa pili na kumshukuru Mungu. Usishukuru sana. Sehemu kubwa ya barabara ni ya magari mawili, moja kila upande, na ajali moja huwafunga wote.

Mkishakwama

Magari yakisimama, zima injini baada ya dakika tano. Kiyoyozi kwenye gari lililosimama chini ya jua la Mariakani hupandisha mshale wa joto taratibu, na watu hawauoni mpaka moshi utoke. Gari likichemka, usifungue kifuniko cha rejeta; kaa chini ya mwarobaini nusu saa kwanza. Fungua milango, funika kioo cha mbele kwa leso.

Kisha tuma mtu akaulize, na asiwaulize wenye magari madogo, ambao wanajua kama wewe tu. Aende kwa utingo wa lori. Madereva wa malori wanapigiana simu kutoka Mombasa hadi Malaba. Atakwambia ni trela limelala, au ni daraja limefurika, au ni mizani. Jibu hilo ndilo linaloamua yote: trela huondolewa kwa saa mbili tatu, mafuriko yanaweza kuchukua siku. Novemba 2015 mvua kubwa ilivuruga njia kwenye sehemu iliyokuwa ikitengenezwa, na watu walilala barabarani, wengine siku mbili tatu, na watoto ndani ya mabasi. Ukiambiwa maji yamekata barabara na uko karibu na mji, geuza ukatafute pa kulala. Hakuna aibu.

Kile ambacho hutakifanya, nakuomba, ni kupanda ukingo wa barabara ili uipite foleni. Utapita magari 40, utafika mbele ukutane uso kwa uso na mwerevu mwenzako aliyetoka upande wa pili, na hapo foleni ya saa mbili imekuwa ya saa nane. Siku ya zile mbaazi, hiyo ndiyo iliyotuchelewesha. Trela lenyewe lilikuwa limeondolewa asubuhi. Tulichokuwa tukisubiri ni mabwana watatu na gari moja la serikali kukubali kurudi nyuma.

Mtoto usimtajie saa. Mwambie majina: tukipita Mariakani inakuja Samburu, halafu Taru, halafu Mackinnon Road, halafu Maungu. Mpe kazi ya kungoja treni, maana reli ya SGR inaandamana na barabara sehemu nyingi, na yule wa kwanza kuiona anakula korosho. Akiuliza tutafika lini, mjibu kwa jina la mji unaofuata. Hilo halimdanganyi, na halimchoshi.

Mzee naye akae mbele, na dawa zake za presha au sukari ziwe mkobani mwake, sio kwenye sanduku lililo chini ya gunia la nazi. Saa yake ya kula iheshimiwe hata kama hamjafika "pale tulipopanga". Kila saa mbili ashuke anyooshe miguu, la sivyo itavimba na viatu havitamtosha Nairobi. Wanawake wengi hupunguza kunywa maji njiani kwa kuhofia vyoo. Hilo ni jambo la kupanga, si la kuvumilia: amueni mapema kwamba mtasimama Mackinnon Road, Voi, Mtito Andei na Emali, na dereva asivipite vituo hivyo kwa sababu eti amepata mwendo mzuri.

Mackinnon Road tunasimama kila mara, hata tukiwa tumechelewa. Msikiti ulio kando ya barabara, wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, umekuwa kituo cha dua ya safari kwa miaka mingi, na wanaosimama hapo si Waislamu peke yao. Kuna maji, kuna kivuli. Msafiri ana ruhusa ya kufupisha na kukusanya sala zake, kwa hivyo hamhitaji kusimama tena kwa kila wakati. Mbele zaidi, Makindu, kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, na hapo mpita njia yeyote hulishwa bure. Vua viatu, funika kichwa, acha sigara na pombe nje, pakua unachoweza kumaliza. Msafiri maskini, ajapokuwa sultani; siku ambayo kikapu kimekwisha na foleni imekutoa jasho, dengu na chapati za Makindu utazikumbuka.

Simu

Kuna uongo mmoja wa barabarani ambao sote tunaufanya. Uko Mazeras, mwenyeji wako anapiga simu, unamwambia "tumeshafika Voi". Anafurahi, anabandika pilau. Saa sita baadaye pilau imepoa, yeye amenuna, na wewe hata hiyo Voi hujaifikia. Mteue mtu mmoja wa kupiga simu, asiwe dereva, na aseme ukweli wa mahali mlipo: "Tuko Taru, magari hayatembei, msitungoje kula." Mwenyeji mwema hatakasirika. Na simu zenu nyingine zizimwe kwa zamu, ili baada ya jua kuzama pawe na moja yenye chaji.

Mlango wa Nairobi

Kuanzia Machakos Junction endesheni kwa mwendo ulio salama, maana hapo ndipo dereva anapohisi amefika na mwili unalegea. Kama wapo wawili wenye leseni, wabadilishane Mtito Andei, sio hapa. Mkiingia Mlolongo jioni ya siku ya kazi, mtaikuta foleni nyingine, hii ya watu wanaorudi makwao. Barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka 2022, inaanzia hapo hadi Westlands. Mimi kwa kawaida ni bahili, lakini baada ya siku nzima njiani nalipa. Vaeni masweta kabla hamjashuka. Julai ya Nairobi haimwonei huruma mtoto wa Msambweni aliyezoea fulana.

Shangazi bado tunasafiri naye, na bado ana sharti lake kwamba mahamri bila mbaazi si chakula. Tumefikia makubaliano. Mbaazi hubebwa kavu kwenye kifuko cha kitambaa, nazi nne hubebwa nzima na vifuu vyake chini ya kiti, na mbaazi hupikwa tukishafika. Nawe fanya hivyo hivyo, ila usisahau kubeba mbuzi ya kukunia; huko uendako usitegemee kuipata kwa jirani.